Miezi Minne ya Hiragana

Mwaka wa shule nchini Japani huanza Aprili, maua ya sakura yakiwa yanapukutika. Mtoto aliyekwisha kutimiza miaka sita huingia darasa la kwanza na mkoba mgumu mgongoni, mara nyingi na kofia ya njano kichwani ili madereva wamwone kwa mbali, na vitabu vya kiada ambavyo mzazi hakuvilipia. Tangu miaka ya 1960 serikali ndiyo inayogharimia vitabu vya elimu ya lazima. Ikifika Julai shule hufungwa kwa likizo ya kiangazi, na mtoto yuleyule hupewa kazi ya kuandika shajara ya picha. Juu ya ukurasa anachora, chini anaandika. Katikati hapo, kwa muda usiotimia miezi minne, anatakiwa awe amezimiliki herufi 46 za hiragana pamoja na alama na michanganyiko yake, kiasi cha kuandika kwa mkono wake kwamba jana alikwenda kwa bibi akala tikiti maji.

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza mkoani Tanga. Kazi yangu ni KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, stadi ambazo tangu mwaka 2015 zimepewa nafasi ya mbele katika mtaala wa madarasa mawili ya mwanzo. Mwalimu wa KKK akisikia kwamba mahali fulani watoto wa miaka sita wanaandika sentensi zao wenyewe baada ya muhula mmoja, hawezi kuipita habari hiyo. Lugha yetu nayo ina irabu tano, silabi zetu nyingi huishia kwa irabu kama zao, na tunaandika kama tunavyotamka. Kwa nini basi tuna watoto wanaofika darasa la tatu bado wanafuata neno kwa kidole, silabi mojamoja, mpaka wakifika mwisho wamesahau mwanzo? Nilikwenda Japani na swali hilo, na nilikwenda mwezi Mei, wakati kazi ya hiragana imekolea.

Mwenyeji wangu alikuwa binti wa Kijapani aliyewahi kufundisha hisabati katika sekondari moja ya Mtwara, mmoja wa vijana wa kujitolea ambao Japani imekuwa ikiwaleta Tanzania tangu miaka ya 1960. Alinipokea uwanja wa ndege wa Narita kwa "Shikamoo, Mwalimu," nami nikamwitikia na kumwita mwanangu tangu hapo. Yeye ndiye aliyekuwa masikio na mdomo wangu safari nzima.

Shule ya kwanza tuliyoitembelea iko katika mtaa wa makazi magharibi mwa Tokyo. Mlangoni unavua viatu na kuviweka kwenye kabati la mbao lenye vijumba vidogovidogo, na hapo ndipo nilipoiona hiragana ikifanya kazi kabla sijaingia darasani. Kila kijumba kina jina la mtoto. Jina liko kwenye kiatu cha ndani, kwenye kofia, kwenye mfuko wa nguo za michezo, kwenye kila penseli mojamoja, hata kwenye vijiti vya kuhesabia. Yote kwa hiragana. Mtoto wa Kijapani kwa kawaida huanza kuzitambua herufi za jina lake, na shule inahakikisha kwamba jina hilo anakutana nalo kila anaponyoosha mkono kuchukua kitu chake.

Darasani walikuwa watoto thelathini na kidogo. Kiwango cha kitaifa kwa shule za umma hakizidi 35 katika darasa la kwanza. Mimi nyumbani nafundisha zaidi ya mara mbili ya hao, na nalitaja hilo mapema kwa sababu hakuna mbinu nitakayoisimulia hapa inayoweza kulifuta. Mwalimu wao alikuwa mama wa makamo, mwenye uzoefu wa miaka mingi. Mkuu wa shule alinieleza kwamba darasa la kwanza katika shule yake hapewi mwalimu anayeanza kazi. Hupewa yule ambaye wenzake humwendea wanapokwama.

Herufi ya siku ile ilikuwa "ne". Kwa hiragana inaandikwa ね: mstari wa wima kushoto, kisha mstari mrefu unaoanzia pembeni, unaushuka ule wa wima kwa kukatakata, unapanda, unazunguka kulia na kuishia kwa kifundo kidogo chini. Ina ndugu wawili wanaofanana nayo upande wote wa kushoto, "re" na "wa", れ na わ. Tofauti iko mkiani tu. Wa "re" unatupwa nje, wa "wa" unajikunja ndani na kuachwa wazi, wa "ne" unafunga kifundo. Mtoto asiyeangalia mkia hataweza kusoma neno lolote lenye mojawapo ya herufi hizo kwa uhakika, na mwalimu alitumia kipindi kizima kwa ajili ya mkia huo.

Kwanza aliuliza sauti. Nani ana neno lenye "ne"? Paka, wakasema, kwa kuwa paka ni neko. Kitunguu cha majani, negi. Panya, nezumi. Mtoto mmoja akataja jina la dada yake. Hapo herufi yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa popote. Kisha mwalimu akachora ubaoni mraba mkubwa, akaugawa kwa msalaba wa nukta kuwa vyumba vinne, akaandika taratibu huku akitaja mvuto wa kwanza unaanzia chumba gani na kuishia wapi. Daftari za watoto zina miraba hiyohiyo yenye msalaba wa nukta, kwa hiyo kinachosemwa ubaoni mtoto anakikuta mezani pake.

Halafu wakasimama. Kila mmoja akanyoosha mkono wa kuandikia na kuandika hewani kwa kidole, wote pamoja, wakihesabu mivuto kwa sauti: ichi, ni. Mwalimu aliwaelekea, na ndipo nilipoona ustadi wake hasa. Alikuwa akiiandika herufi kinyume, kushoto kuwa kulia, ili wao waione imekaa sawa. Alifanya hivyo bila kusita, mkono wote ukizunguka kutoka begani. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba walimu wengi wa darasa la kwanza hulifanyia mazoezi jambo hilo mbele ya kioo. Baada ya hewani wakaandika kwa kidole juu ya meza, kisha mgongoni mwa jirani, na vicheko vikajaa chumba. Penseli ilikuja mwisho.

Na penseli yenyewe ina masharti. Ni ya risasi laini, 2B, ili mkono mchanga usilazimike kukandamiza. Kabla ya kuishika, mwalimu aliimba maneno matatu mafupi na darasa likamjibu kwa miili: peta, nyayo zilale sakafuni, pin, mgongo unyooke, gu, ngumi moja ipite kati ya tumbo na meza. Nimewahi kuhudhuria semina ndefu juu ya mkao wa mwanafunzi. Sijapata kuona mkao ukifundishwa kwa silabi nne na kufuatwa na kila mtoto.

Niliuliza kwa nini mpangilio wa mivuto unasimamiwa kwa ukali ule, maadamu herufi inasomeka. Majibu ya mwalimu yalikuwa ya mtu aliyeyaona matokeo. Mtoto anayeanzia chini au kulia, alisema, herufi yake itasomeka leo, lakini ataandika polepole maisha yake yote, na kanji zikija zitamshinda. Kanji ni herufi zenye asili ya China, na shule ya msingi inafundisha 1,026 kwa miaka sita, 80 kati yake katika mwaka wa kwanza. Mkono uliozoea kwenda juu-chini na kushoto-kulia huzipokea. Kwa hiyo wanafundisha hata namna mvuto unavyomalizika: kuna kukoma, kuna kuruka, kuna kufagia. Herufi し, "shi", inashuka moja kwa moja na kujipinda mwishoni kama ndoana, na pale mwisho kalamu haisimami, inafagia kwenda juu.

Herufi hiyo ya "shi" ni moja ya zile zinazofundishwa mwanzo kabisa, pamoja na "tsu", "ku" na "he", つ, く na へ, zote za mvuto mmoja. Nililitafakari hilo sana. Jedwali la sauti za Kijapani linaanza a, i, u, e, o, na kila mtoto analiimba kwa mpangilio huo. Ila herufi ya "a", あ, ni ngumu mno kwa mkono wa mwezi wa kwanza: mivuto mitatu, wa mwisho ukiwa duara pana linalokatiza yote yaliyotangulia. Basi walimu wengi hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyafunga pamoja. Mpangilio wa kusoma ni mmoja, mpangilio wa kuandika ni mwingine, na wa kuandika unafuata uwezo wa vidole.

Kuna jambo lingine la kutatiza ambalo sikulitarajia. Katika vitabu na magazeti ya watu wazima, herufi "ki" na "sa" mara nyingi huchapwa mvuto wa juu ukiwa umeungana na wa chini. Kwa mkono huandikwa ikiwa imeachana. Mtoto akiiga gazeti, mwalimu anamsahihisha. Ndiyo maana vitabu vya shule vina mtindo wake wa chapa, uliotengenezwa ufanane na mkono wa mwandishi mzuri. Nilipotazama vitabu vyetu nilivyobeba kama zawadi, nikaona herufi "a" na "g" zimechapwa kwa umbo ambalo hakuna mtoto wa Tanga anayefundishwa kuliandika.

Kazi zilipokusanywa, mwalimu alizipitia hapohapo kwa kalamu nyekundu. Japani duara ndiyo alama ya kupata, na kazi nzuri zaidi huzungushiwa duara la mviringo mwingi lenye petali, mfano wa ua. Watoto walisimama foleni kulisubiri. Lakini sikuona duara lililotolewa bure. Aliyekosea kifundo alichorewa kifundo chekundu juu ya chake, akarudi mezani, akafuta kwa raba, akaandika tena, akarudi foleni. Kila mtoto wa shule ile amepewa pia kompyuta kibao, matunda ya mpango wa serikali ulioanza mwaka 2019, na zipo programu za kufuatisha herufi kwa kidole. Mwalimu anazitumia kuonyesha mwendo wa mvuto. Kuandika kwenyewe amekuacha kwenye karatasi, kwa sababu kioo, alisema, hakimrudishii mtoto uzito wa mkono wake.

Siku nyingine tulikuta somo la kupiga makofi, nalo lilinigusa kuliko yote. Katika Kijapani kila pigo la sauti lina urefu sawa, na hiragana inaandika mapigo. Kite, "njoo", ni makofi mawili. Kitte, stempu ya barua, ni matatu, kwa sababu kimya kidogo kilichopo katikati ni pigo kamili na kina herufi yake, "tsu" ndogo. Shangazi ni obasan na bibi ni obāsan. Irabu moja iliyorefushwa inabadilisha mtu. Watoto walipiga makofi na kwa pigo la kimya wakakunja ngumi. Aliyekuwa akisahau "tsu" ndogo katika maandishi alisimamishwa apige makofi, na mikono yake ikamwambia kwamba herufi moja imepungua. Sisi tuna kata na kataa, tuna paka na pakaa, na kila mwaka nasahihisha irabu zilizopotea kwa kalamu. Kuzisahihisha kwa makofi ni jambo nililorudi nalo darasani wiki ileile niliyofika Tanga.

Nyumbani kwa wazazi wa mwenyeji wangu niliona upande wa pili wa siri hii. Bafuni, juu ya tangi la kuogea, kulikuwa na bango lisiloloa maji lenye jedwali zima la hiragana, kwa ajili ya mpwa wake wa miaka minne. Mtoto anajiloweka na babu yake na wanasoma ukutani. Baada ya chakula wakacheza shiritori: mmoja anataja neno, mwenzake anachukua silabi ya mwisho na kuanzia nayo neno jingine, na anayetaja neno linaloishia na "n" ameshindwa, kwa kuwa hakuna neno la kawaida linaloanza nayo. Kuna pia karuta, kadi zinazosomwa na mmoja huku wengine wakigombea kadi yenye picha na herufi ya mwanzo. Kwa njia hizo watoto wengi huingia shule wakisoma hiragana nyingi, ingawa serikali haizitaki shule za awali zifundishe kama darasa la kwanza. Mwalimu wa Tokyo anajua hivyo, na anaanza kwa wote kama vile hakuna anayejua, maana kusoma wanakokuja nako hakujabeba kuandika, na asiyekuwa na bango bafuni asione kwamba amechelewa.

Shuleni, kila mtoto wa darasa la kwanza alikuwa na chungu chake cha plastiki chenye mbegu za asagao, ua la asubuhi. Mbegu zilikuwa zimeanza kuchipua, na kwa kila hatua mtoto hujaza kadi: picha, kisha sentensi. Nilitafsiriwa kadi kadhaa. Moja ilisema chipukizi limetoka, lina majani mawili, limevaa ganda la mbegu kichwani. Mwandishi wake alikuwa ameandika kijineno "wa" kinachoonyesha mada kwa herufi ya "wa", wakati kanuni inataka kiandikwe kwa herufi ya "ha" ijapokuwa kinatamkwa wa. Ni masalia ya tahajia ya zamani ambayo marekebisho ya mwaka 1946 hayakuyaondoa, na humsumbua kila mtoto. Mwalimu aliweka duara kwenye habari ya ganda la mbegu kwanza. Kanuni aliiandika pembeni, kwa wino mdogo.

Tukapanda treni ya mwendo kasi kwenda magharibi. Mlima Fuji ulionekana dirisha la kulia kwa dakika chache, kilele kikiwa na theluji. Tukashuka Hamamatsu.

Hamamatsu ni mji wa viwanda, kitovu cha Suzuki, Yamaha na Kawai, pikipiki na piano. Mwaka 1990 sheria ya uhamiaji ilipobadilishwa, wajukuu wa Wajapani waliohamia Amerika Kusini waliruhusiwa kuja kuishi na kufanya kazi, na maelfu ya Wabrazili walikuja kwenye miji kama huu. Baadaye wakaja Wafilipino, Wavietinamu na wengine. Watoto wao wanapokelewa katika shule za umma bila ada, lakini sheria ya elimu ya lazima haiwabani wazazi wa kigeni, na mtoto anaweza kukaa nyumbani bila mtu kuitwa kujibu. Mwaka 2021 wizara ya elimu ilihesabu zaidi ya wanafunzi 58,000 katika shule za umma waliohitaji kufundishwa lugha ya Kijapani.

Jumamosi tulikwenda kwenye ukumbi wa jamii ambako wazee wa kujitolea, wengi wao walimu wastaafu, huwasaidia watoto hao kusoma. Binti mmoja, nadhani wa miaka saba, alinifungulia kitabu na kunisomea ukurasa mzima. Alisoma kwa kasi, bila kukwama, mapigo yote mahali pake, hata "tsu" ndogo. Nikampongeza. Bibi aliyekuwa akimfundisha akamwuliza kwa upole hadithi ilihusu nini. Binti akamtazama, akatazama kitabu, akaanza kusoma tena tangu mstari wa kwanza, kwa kasi ileile.

Nakumbuka nilivyonyamaza. Mkoani kwangu kuna watoto wa Kisambaa milimani Lushoto na watoto wa Kimaasai huko Kilindi wanaokuja shule na lugha ya nyumbani kwao, na Kiswahili wanakutana nacho ubaoni. Miezi sita baadaye wanasoma. Mkaguzi akija wanasoma mbele yake, anawapigia makofi na kuandika kwamba darasa linajua kusoma. Hiragana, kwa kuwa ni nyepesi na haina udanganyifu, inaweza kumficha mtoto asiyeelewa kitu kwa miaka. Herufi za Kiswahili nazo zina uwezo huohuo, kwa sababu ileile.

Yule bibi hakumlaumu mtoto. Alifunga kitabu, akatoa kapu lenye yai la plastiki, kijiko, mwavuli, kiatu, tufaha. Wakacheza duka. Kila kitu kilipouzwa, binti alikitaja, akakitungia sentensi ya kusema, na ndipo akaiandika. Saa nzima waliandika sentensi tatu. Nilizihesabu kwa furaha, maana kila moja ilikuwa yake. Niliona pia jina lake likiwa limeandikwa kwa katakana, seti ya pili ya herufi inayotumika kwa majina na maneno ya kigeni. Wenzake Wajapani watakutana na katakana baada ya kumaliza hiragana. Yeye, ili aandike jina lake tu, ilibidi aianze mapema, na bibi alikuwa amemfundisha herufi hizo chache kabla ya nyingine zote.

Mwisho wa safari ulikuwa Kyoto. Ni mji uliofanywa makao makuu ya mfalme mwaka 794, na ni katika karne zilizofuata ambapo hiragana ilikomaa, kutokana na herufi za Kichina zilizokuwa zikiandikwa kwa mkono wa haraka mpaka zikalainika. Katakana ilitokana na watawa wa Kibudha waliochukua kipande cha herufi na kukiandika kando ya misahafu yao kama mwongozo wa matamshi. Wanaume wasomi waliandika Kichina. Wanawake wa ikulu waliandika kwa hiragana, na mwanzoni mwa karne ya 11 mmoja wao, Murasaki Shikibu, aliandika Hadithi ya Genji, kazi ambayo Wajapani wanaiheshimu kuliko karibu zote. Maandishi yaliyodhaniwa kuwa ya wasiojua Kichina ndiyo yaliyobeba fasihi ya taifa.

Vitabu vya zamani, kama vitabu vingi vya Kijapani hadi leo, husomwa kwa mistari ya wima kuanzia kulia, na kufunguliwa kutoka upande tunaouita wa nyuma. Mjapani mmoja aliniomba radhi kwa usumbufu huo. Hapakuwa na usumbufu. Mtoto wa pwani aliyesoma chuoni alifu na be kabla ya kwenda shule anajua kufungua kitabu upande huo.

Katika jengo la shule ya msingi ya zamani, Kyoto ina makumbusho ya historia ya shule. Humo nilijifunza kwamba mwaka 1869, miaka mitatu kabla ya serikali kutangaza mfumo wa elimu wa taifa zima, wakazi wa mji huu walikwisha kujenga shule za msingi 64 kwa mitaa yao. Mji ulikuwa umepoteza makao makuu yaliyohamia Tokyo, na watu waliogopa utakufa. Wakachanga. Michango iliitwa fedha za jiko: kila nyumba yenye meko ilitoa, iwe ina mtoto au haina.

Kwenye makabati ya vioo kuna vitabu vya kujifunzia kusoma. Nilishangaa kuona vile vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia vinaanza kwa katakana. Hiragana ilikuja baadaye. Ni tangu mwaka 1947 mtoto anapoanza na hiragana. Na kabla ya mwaka 1900 sauti moja ilikuwa na maumbo kadhaa ya hiragana, kila mwandishi akichagua lake, mpaka kanuni za shule za msingi zikaamua kila sauti ibaki na umbo moja. Kwa hiyo wepesi ambao nilikuja kuutazama haukushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa, wakafuta yaliyomzidi mtoto, wakaandika upya vitabu vyote, na wakafanya hivyo zaidi ya mara moja.

Nimerudi Tanga na miraba yenye vyumba vinne, ninayoichora kwa rula kwenye karatasi kwa sababu daftari zetu hazina. Watoto wanaandika hewani kabla ya kushika penseli, na kwa darasa kubwa kama langu hilo halihitaji fedha. Kila anayemaliza kunisomea namwambia afunge kitabu, anieleze alichosoma, kwa Kiswahili akiweza, kwa Kisambaa akishindwa, na mwenzake atanitafsiria.

Lililobaki haliko mikononi mwangu. Walimu wakuu mnaopanga mgawanyo wa masomo kila Januari, nawaombeni: darasa la kwanza msimpe mwalimu aliyebaki baada ya madarasa mengine kugawiwa. Mpeni aliye bora kuliko wote mlio nao, na mwacheni hapo miaka kadhaa.